Gesi Bwete: Jirani Asiyegombana na Mtu, Lakini Anaweza Kukuzibia Hewa

Somo letu safari hii linahusu kitu ambacho kila mmoja wetu anakivuta puani usiku na mchana bila kukijua. Ni gesi za aina moja zinazoitwa gesi bwete. Msiogope jina. Tutaenda polepole, na mwisho kuna maswali ya kujadiliana katika kikundi.

Tuanze na kisa kilichotufanya tulitafute somo hili.

TANGI LA MAZIWA

Kikundi kimoja cha wafugaji huku kwetu Nakuru, ambacho hatutataja jina lake, kilichanga pesa kikanunua tangi kuukuu la kupozea maziwa, lile la chuma kisichoshika kutu. Lilikuwa na ufa kwa ndani, karibu na chini. Wakaita vijana wawili wa jua kali wenye mashine ya kuchomelea inayotumia gesi ya arigoni kutoka kwa mtungi.

Asubuhi kazi ilienda vizuri. Saa saba vijana wakaenda kula. Mpira wa gesi waliuacha ukining'inia ndani ya tangi, na koki ya mtungi hawakuifunga mpaka mwisho. Walikaa kama saa nzima. Waliporudi, mmoja aliinama kwenye mdomo wa tangi, akaingiza kichwa na mabega ili aokote kifaa chake. Hakukohoa. Hakupiga kelele. Miguu yake ililegea tu, ikaning'inia nje kama nguo kwenye kamba. Mwenzake alidhani ni mchezo. Mama mmoja aliyekuwa ameleta maziwa ndiye aliyepaza sauti: "Mvute! Mvute miguu!" Wakamvuta, wakamlaza kwenye nyasi. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Baada ya muda akavuta pumzi, akapelekwa hospitali, na leo ni mzima.

Huko hospitali waliambiwa kijana alikosa hewa. Lakini watu wakaanza kuulizana: alikosaje hewa mahali pasipo na moshi wala harufu? Na si asubuhi yake alikuwa akifanya kazi hapo hapo? Basi maneno yakazunguka. Kulikuwa na mama aliyetoka kikundini miezi michache kabla, kwa ugomvi wa mkopo. Ati alikuwa amesema tangi hilo halitawafaa. Wiki haikuisha kabla jina lake kuwa mdomoni mwa kila mtu. Wengine walitaka tangi liuzwe kwa bei ya kutupa. Wengine, na hawa ndio waliotutia hofu, walitaka kwenda nyumbani kwake "kumuuliza vizuri". Mwenyekiti akaja kutuita.

Tukiri wazi: siku ile hatukuwa na jibu. Tuliomba tupewe wiki mbili na mama huyo asiguswe. Tukaenda kwa mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari, tukakaa naye jioni tatu. Haya ndiyo tuliyojifunza.

KUNA NINI NDANI YA HEWA?

Tuseme hewa kavu tunayovuta ni debe 100. Debe 78 ni naitrojeni. Debe 21 ni oksijeni, ile inayotupa uhai na inayowasha moto. Hiyo ni debe 99. Ile moja iliyobaki ni ya nani?

Wengi wetu tungejibu kwamba ni hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukipumua. Sivyo. Hewa ya ukaa haifiki hata sehemu moja ya kumi ya debe. Karibu debe yote iliyobaki ni arigoni, gesi ile ile ya mtungi wa wale vijana. Inakaa nasi jikoni, shambani na kanisani, na hatuijui kwa sababu haina rangi, haina harufu, haina ladha, haiwaki na haizimishwi.

Arigoni ina ndugu zake. Wote pamoja ni sita wanaopatikana kwa asili:

Heliamu. Ni nyepesi sana. Ujazo wake una uzito wa kama sehemu moja ya saba ya uzito wa hewa.
Neoni. Hutoa mwanga mwekundu wa machungwa ikipitishwa umeme.
Arigoni. Ndiyo nyingi kuliko wenzake katika hewa, na ni nzito kuliko hewa kwa zaidi ya theluthi moja.
Kriptoni. Nzito zaidi, na ni haba sana.
Zenoni. Nzito zaidi ya kriptoni, na haba zaidi yake.
Radoni. Nzito kuliko wote hao, na ina tabia yake mbaya tutakayoieleza.

Wataalamu wa Kiswahili wameziita gesi adimu, na pia gesi bwete. Sisi tumechagua hili la pili. Arigoni si adimu hata kidogo, tumeona ni karibu debe moja katika mia. Lakini bwete ni kweli: mtu aliyekaa bwete ni yule aliyekaa tu, hashiriki kazi yoyote. Hata neno arigoni latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu. Wazungu huziita pia gesi za kiungwana, kama yule bwana mkubwa asiyechanganyika na watu.

HESABU ILIYOKATAA KULINGANA

Kama ziko kila mahali, zilijificha vipi miaka yote? Hapa kuna mafundisho mazuri kwa waweka hazina wetu.

Mwaka 1785 Mwingereza Henry Cavendish alichukua hewa, akaondoa oksijeni na naitrojeni yote aliyoweza. Kikabaki kipovu kidogo kisichoondoka, si zaidi ya sehemu 1 kwa 120 ya ile naitrojeni. Akaandika, mambo yakaishia hapo. Kipovu hicho kilikaa katika vitabu zaidi ya miaka 100 bila mtu kukifuatilia.

Kisha akaja Lord Rayleigh, naye Mwingereza, aliyekuwa akipima uzito wa gesi kwa makini. Naitrojeni aliyoitoa kwenye hewa ilikuwa na gramu 1.257 kwa lita. Naitrojeni aliyoitengeneza kutokana na dawa za maabara ilikuwa na gramu 1.251. Tofauti ni ndogo sana, kama shilingi moja katika mia mbili. Ni wangapi kati yetu wangesema, "Aa, hiyo ni makosa ya kalamu, andika tu zilingane"? Rayleigh alikataa. Alipima tena na tena, na kila mara ile iliyotoka kwenye hewa ikawa nzito zaidi.

William Ramsay, mwanakemia kutoka Scotland, akapitisha naitrojeni ya hewa juu ya magnesiamu yenye moto mkali, ambayo hula naitrojeni. Kikabaki kitu kisicholiwa. Mwaka 1894 wawili hao wakatangaza gesi mpya: arigoni. Mwaka 1895 Ramsay akapata heliamu ndani ya jiwe lenye urani. Kabla ya hapo heliamu ilikuwa imeonekana katika mwanga wa jua tu, tangu mwaka 1868, na ndiyo maana jina lake latokana na neno la Kigiriki la jua. Mwaka 1898 Ramsay na msaidizi wake Morris Travers wakapata kriptoni, neoni na zenoni kwa kugandisha hewa na kuichemsha kidogo kidogo. Mwaka 1904 Rayleigh na Ramsay wakapewa Tuzo ya Nobel, mmoja ya fizikia, mwingine ya kemia.

Yote hayo yalitokana na mtu mmoja aliyekataa kufunga daftari ambalo halijalingana.

KWA NINI HAZISHIKANI NA KITU?

Kila kitu duniani kimeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi. Atomi ina kiini katikati, na kukizunguka kuna chembe ndogo zaidi ziitwazo elektroni. Elektroni hukaa kwa safu, kama watu waliokaa kwa mizunguko kuuzunguka moto. Safu ya kwanza ina nafasi 2 tu. Safu ya nje ya atomi nyingine hutulia ikiwa na elektroni 8.

Sasa fikirieni kikundi cha kukopeshana. Sodiamu ana elektroni 1 tu kwenye safu ya nje, na anatafuta wa kumpa. Klorini ana 7, amepungukiwa na 1. Wakikutana, sodiamu anatoa, klorini anapokea, na tunapata chumvi ya kula. Oksijeni amepungukiwa na 2, kwa hiyo anahangaika huku na huku: anashika chuma, tunapata kutu, anashika kuni, tunapata moto.

Gesi bwete ni kama mwanachama ambaye nafasi zake zote zimejaa. Heliamu ana 2, na safu yake imejaa. Neoni ana 2 na 8. Arigoni ana 2, 8 na 8. Kriptoni, zenoni na radoni nao wana 8 kwenye safu ya nje. Hawa hawakopi wala hawakopeshi. Hata wenyewe kwa wenyewe hawashikani. Oksijeni hutembea wawili wawili, naitrojeni wawili wawili, lakini arigoni hutembea mmoja mmoja.

Kwa sababu hawavutani, ni vigumu sana kuwageuza kuwa maji. Maji yetu huchemka kwa nyuzi 100. Arigoni huchemka kwa nyuzi 186 chini ya sifuri, na heliamu kwa nyuzi 269 chini ya sifuri. Hakuna kitu kingine chenye kiwango cha kuchemka kilicho chini kuliko cha heliamu.

Je, ni kweli kabisa kwamba hazishikani na kitu chochote? Kwa miaka mingi vitabu vilisema hivyo. Mwaka 1962, huko Kanada, Neil Bartlett aliikutanisha zenoni na kemikali kali mno yenye platinamu na florini, na zenoni ikakubali kuungana. Baadaye zikapatikana nyingine. Atomi ya zenoni ni kubwa, na elektroni zake za nje ziko mbali na kiini, hivyo mnyang'anyi mwenye nguvu anaweza kuzivuta. Lakini hayo ni mambo ya maabara. Jikoni na karakana, shikeni hivi: gesi bwete haziungui, haziozeshi, hazili chuma na hazigeuki kuwa kitu kingine.

KAZI ZAO NI UVIVU WAO

Msije mkadhani mvivu huyu hana kazi. Kazi yake yote ni kuketi mahali ili mkorofi asiketi hapo.

Mchomeleaji akiyeyusha alumini au chuma kisichoshika kutu, oksijeni hukimbilia mahali palipoyeyuka na kupaharibu. Kwa hiyo anamwagia arigoni juu yake. Arigoni inaisukuma oksijeni kando, chuma kinaungana safi.

Zile balbu za zamani zenye uzi wa waya ndani zilijazwa arigoni kwa sababu hiyo hiyo. Kama zingekuwa na hewa ya kawaida, waya ungeungua mara moja.

Wale mlio na testa ya fundi wa umeme, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani, tazameni siku nyingine. Ule mwanga mwekundu wa machungwa ni neoni inayowaka kwa umeme. Zenoni hutumika katika taa kali za magari mengine. Heliamu hujaza maputo ya sherehe, na ikiwa imegandishwa kuwa maji hupoza sumaku za zile mashine kubwa za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili.

GESI BWETE NDANI YA BONDE LETU

Sisi wa Bonde la Ufa tuna jambo la pekee. Arigoni iliyo hewani karibu yote ilitoka ndani ya mawe. Katika mawe kuna potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo hubadilika polepole mno kuwa arigoni. Polepole kiasi gani? Nusu yake huhitaji kama miaka bilioni 1.25 kubadilika.

Mlima ukitapika moto, mawe yaliyoyeyuka huiachilia arigoni yake. Yakipoa na kuwa magumu, arigoni mpya huanza kujikusanya, imefungiwa ndani ya jiwe, na kwa kuwa haishikani na kitu hukaa hapo peke yake ikisubiri. Wataalamu wakipima potasiamu iliyomo na arigoni iliyokusanyika, wanajua jiwe lina miaka mingapi. Ni kama kuhesabu maziwa yaliyodondoka kwenye ndoo ili kujua tangu lini mfereji ulianza kuvuja.

Kwa njia hii, mwaka 1961 ilitangazwa kwamba tabaka la Olduvai, Tanzania, ambako Mary Leakey alipata fuvu maarufu mwaka 1959, lina miaka kama milioni 1.75. Majivu ya volkeno ya Olorgesailie yamepimwa kwa arigoni. Na hapa jirani, katika Milima ya Tugen kule Baringo, mifupa ya viumbe wa kale iliyopatikana mwaka 2000 na kuitwa Orrorin ilikadiriwa kuwa na miaka kama milioni 6, na arigoni ya mawe ya hapo ilikuwa mmoja wa mashahidi.

Heliamu nayo hutoka ndani ya mawe yenye urani na thoriamu. Mwaka 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya utafutaji, walitangaza kwamba eneo la Rukwa, Tanzania, lina heliamu nyingi. Walieleza kwamba joto la volkeno za Bonde la Ufa linayafungua mawe ya zamani sana na kuiachilia gesi hiyo. Kwa hiyo msishangae mkisikia heliamu ikitajwa pamoja na bonde hili. Lakini anayekuja kijijini na karatasi akidai pesa za "kusajili gesi ya shamba lako", mpelekeni kwanza kwa chifu na kwa afisi za serikali zinazohusika kabla mtu hajaweka kidole.

RADONI, NDUGU MWENYE TABIA MBAYA

Radoni haishikani na kitu kama wenzake, lakini atomi yake yenyewe haidumu. Hutokana na urani iliyo ardhini, hupenya kwenye nyufa za sakafu, na nusu yake huvunjika kila baada ya siku kama 4. Ikivunjika hutoa miali na kuacha vumbi lenye miali, ambalo likiingia mapafuni hukaa huko. Shirika la Afya Duniani linaihesabu kuwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya saratani ya mapafu baada ya sigara, na mvutaji sigara ndiye aliye katika hatari zaidi.

Nje, upepo huitawanya. Hukusanyika ndani ya nyumba iliyofungwa. Dawa yake si ya bei: zibeni nyufa za sakafu kwa saruji, na fungueni madirisha kila siku. Dirisha hilo hilo litatoa pia moshi wa kuni na ile hewa ya sumu ya jiko la makaa. Msilale na jiko linalowaka ndani, hata kama baridi ya Julai ya Molo na Mau Narok inauma.

SASA TURUDI KWENYE TANGI

Yule mwalimu alituuliza swali moja tu: "Arigoni ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya tangi lenye mdomo juu, itakwenda wapi?"

Hapo tukafumbuka macho. Itatua chini kama maji, ijaze tangi kutoka chini kwenda juu, na kuisukuma hewa itoke kwa mdomo. Asubuhi tangi lilikuwa na hewa. Saa nane lilikuwa limejaa arigoni, na kwa macho hakuna tofauti.

Na kwa nini kijana hakukohoa? Mwili wetu hutuambia "toka hapa" hewa ya ukaa ikizidi ndani yetu. Hautuambii vizuri oksijeni ikipungua. Mtu aliye ndani ya arigoni anaendelea kutoa hewa yake ya ukaa kama kawaida, hasikii kukabwa, hasikii uchungu. Katika debe 100 za hewa kuna oksijeni 21. Ikishuka chini ya 10, mtu anaweza kuzirai. Ikishuka chini ya 6, zimebaki dakika chache tu. Na pasipo na oksijeni kabisa, pumzi moja au mbili zinatosha kumwangusha.

Arigoni haikumpa sumu. Haikumgusa. Ilikaa tu mahali pa oksijeni.

Kwenye mkutano wa kikundi tulifanya jaribio ambalo ninyi pia mnaweza kulifanya. Hatukuwa na arigoni, tukatumia hewa ya ukaa, ambayo si gesi bwete lakini nayo ni nzito kuliko hewa na haina rangi. Tuliweka magadi kwenye jagi, tukamimina siki juu yake, ikatoa povu. Povu lilipotulia, tuliinamisha jagi taratibu juu ya mshumaa uliowaka ndani ya sufuria, bila kumwaga maji maji yake. Mshumaa ukazimika. Hakuna aliyeona kilichomwagika. Tukawasha tena, ukazimika tena. Mzee mmoja akasema, "Kumbe kitu kinaweza kujaa na chombo kikaonekana kitupu."

Kukawa kimya. Kisha yule mama aliyevutisha kijana miguu akasimama: "Basi yule mwenzetu tumemkosea."

MAMBO YA KUSHIKA

1. Tangi, shimo, kisima au ghala lililofungwa lisiingiwe na mtu mmoja peke yake. Mwenzake awe nje, na anayeingia afungwe kamba inayoshikwa na walio nje.

2. Wanaochomelea kwa gesi wafunge koki ya mtungi kabisa kabla ya kupumzika, na watoe mpira nje ya tangi.

3. Pitisheni hewa kabla ya kuingia. Kwenye tangi, fungueni koki ya chini ili gesi nzito itoke, na mpulize hewa ndani kwa feni. Endeleeni kupuliza wakati kazi inafanyika.

4. Mtu akianguka ndani, msimfuate. Mara nyingi anayekwenda kuokoa ndiye anayekufa wa pili. Fungeni gesi, pulizeni hewa, mvuteni kwa kamba, iteni msaada. Akitolewa na hapumui, apuliziwe pumzi mdomoni na kupelekwa hospitali mara moja.

5. Mshumaa au taa ikizimika kisimani, msiingie. Lakini ikiendelea kuwaka, hiyo si ruhusa ya kuingia, kwa sababu kuna sumu ambazo haziuzimi moto. Na msipeleke moto kabisa kwenye shimo la baiogesi, choo cha shimo au tangi la mafuta. Utalipuka.

6. Watoto wasivute heliamu ya maputo ili kubadilisha sauti, hasa moja kwa moja kutoka kwa mtungi. Ni hatari ile ile ya tangi.

MASWALI YA KUJADILIANA

Je, katika kijiji chetu ni mahali gani hewa inaweza kujaa kitu kingine bila sisi kuona?
Ni nani kati yetu huingia mahali hapo, na nani hukaa nje kumlinda?
Daftari zetu zina tofauti ndogo gani ambayo tumeizoea na hatuiulizi?
Je, tumewahi kumlaumu mtu kwa jambo ambalo hatukulielewa? Tulimrudia?

Kikundi kile kilituma watu watatu kwa yule mama, na mwenyekiti mwenyewe akiwa mmoja wao. Hakuwakaribisha chai siku ya kwanza. Walirudi mara ya pili, wakakaa, wakazungumza, na hata ule ugomvi wa mkopo ukafunguliwa upya, daftari mkononi. Kikundini hajarudi, na hiyo ni haki yake. Ila maziwa yake sasa huyaleta kwenye tangi lile lile, na ubavuni mwa tangi mtu ameandika kwa rangi nyekundu: USIINGIE PEKE YAKO.